Kipimo Kisigeuke Hukumu



Wahitimu wa sayansi ya maabara za tiba, hivi karibuni mtaanza kupokea vichupa vya mkojo na mirija ya damu vyenye namba tu, bila sura ya mwenyewe. Ndiyo maana leo nimechagua kuzungumzia kotinini.

Nikotini haikawii kwenye damu. Kila saa 2 hivi hupungua kwa nusu. Ini huigeuza kuwa kotinini, ambayo huhitaji saa 16 au zaidi kupungua kiasi hicho. Kwa hiyo mate au mkojo wa leo hueleza tumbaku ya siku chache zilizopita. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha kwamba wake wa wavutaji, wao wenyewe wasiovuta, walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Alibishiwa vikali. Kotinini iliyokutwa kwenye miili ya wasiovuta ilithibitisha kuwa moshi wa mwenzio unakuingia kweli. Watoto wachanga wasioweza kumwomba baba atoke nje wametetewa na kipimo hiki.

Lakini kotinini haisemi nikotini imeingia kwa njia gani, wala haisemi mtu anaumwa. Mzee anayebwia ugoro atakuwa nayo tele bila kuvuta. Aliyebandika kibandiko cha nikotini ili aache sigara atakuwa nayo pia. Na monoksidi ya kaboni tunayoipima kwenye pumzi ili kumtambua mvutaji, inayoshikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hutoka vilevile kwenye jiko la mkaa. Mama lishe anayepikia kwenye kibanda kisicho na dirisha anaweza kuandikwa mvutaji na mtaalamu aliyeona uvivu kumuuliza. Hiyo ni dhuluma, tena inaficha hatari inayomdhuru kweli.

Basi ulizeni kabla ya kuandika. Namba ikikinzana na maneno ya mgonjwa, msikimbilie kumwita mwongo. Ulizeni anaishi na nani, anapikia nini, analala wapi.

Na aliyeacha sigara juzi akirudi kupuliza kifaa cha kupima pumzi, monoksidi itakuwa imeshuka, maana hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili. Msimfichie namba hiyo kwenye faili. Mwonyesheni, mumweleze maana yake, kisha mumpe tarehe ya kurudi.