Mpiga Kura ni Kadhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu wa Kasulu, Kibondo na kote mnakotusikiliza: Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali kwenda Yemen kuwa kadhi, alimuusia asikate shauri la watu wawili kwa maneno ya wa kwanza, mpaka amsikilize na wa pili. Wasia huu wamhusu pia mpiga kura, kwani siku ya uchaguzi naye hukaa katika kiti cha ukadhi.

Ni kweli kwamba asiyejua tofauti ya kazi ya diwani na kazi ya mbunge hudanganyika upesi kwa ahadi. Basi elimu ya uraia ni wajibu. Lakini ipo hatari nyingine, nayo humkabili mjuzi. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Taber na Milton Lodge, walichapisha utafiti juu ya namna watu wanavyozipokea hoja, zikiwemo hoja za sheria za bunduki. Walikuta kwamba wenye ujuzi mwingi wa siasa ndio waliozidi kuzitafutia kasoro hoja za upande wa pili, na kuzikubali za upande wao pasipo kuzipima. Elimu iliyopaswa kuwa mizani iligeuka kuwa ngao.

Je, hatuwaoni watu hawa katika magulio yetu? Mmoja husikiliza taarifa ya habari kila siku, na mawaziri wote awajua kwa majina. Mgombea asiyempenda akianza kunena juu ya bei ya maharage, jibu limekwisha kutoka kabla hoja haijafika. Kadhi wa namna hii ameandika hukumu kabla ya shauri.

Taifa letu lina mfano mwema. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa chama kimoja. Zaidi ya robo tatu walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo hoja za wachache zilipimwa, Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Na katika nyanda zetu hizi, majimbo ya Muhambwe, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini yalichagua wabunge wa NCCR-Mageuzi mwaka 2010. Mwaka 2015 yote matatu yakarudi kwa CCM. Mimbari haina chama, nasi hatusemi ni mwaka upi uliokuwa bora. Twasema kwamba kura si urithi wa ukoo, na jirani aliyechagua tofauti nasi hakutoka katika udugu.

Basi tufanye mambo mawili. Kwanza, kabla ya kumjibu mwenzetu, tuirudie hoja yake mpaka akiri kwamba ndivyo alivyosema. Pili, tujiulize: ushahidi huu tunaoukataa, tungeukubali kama ungetoka upande wetu?

Ewe Mola wetu, tujaalie elimu yenye uadilifu, na masikio yenye subira. Amin.