Sakafu Inayolia



Nyumba yetu ya Bububu ina chumba cha juu cha sakafu ya mbao. Kila ukikanyaga, ilikuwa inalia. Nikanunua zulia niifunike kabla mama hajahamia. Fundi, mzee aliyeishia darasa la nne, akakataa kulitandika. Akabandua mbao. Masika huvimba, kaskazi hunywea, misumari ikalegea, zikawa zinapanda na kushuka. Ndiyo sauti ile. Lakini pale hasa pa kuweka kitanda, boriti imeliwa na mchwa, imebaki ganda! Tukaitoa, tukatia nyengine iliyopakwa dawa, mbao tukazikaza kwa skrubu. Mimi na shahada yangu nilishika taa. Ubao mmoja wa mlangoni bado unalia. Mama amekataza usiguswe, apate kujua nani anaingia.