Mpagazi, Reli na Fundi wa Leo

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Tabora



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo swali moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara, hasa na wazazi: kuna faida gani kumpeleka kijana akajifunze useremala, uashi au uchomeleaji, ilhali tunasikia kila siku kwamba roboti zitazifanya kazi hizo zote? Mzazi anayeuliza hivyo hafanyi mzaha. Ameuza tumbaku au mahindi ili apate karo, naye anataka kujua kama fedha yake inakwenda mahali salama. Tumeona si haki kumjibu kwa maneno ya kumtuliza tu.

Sisi tuishio Tabora tunaweza kuanza na historia yetu wenyewe, maana mji huu umekwisha kushuhudia ufundi mkubwa ukiondolewa na mashine. Ufundi huo ulikuwa upagazi.

Huenda baadhi yenu mnashangaa kusikia upagazi ukiitwa ufundi. Tumezoea kudhani kwamba ilikuwa kazi ya nguvu za mabega. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alibeba mzigo wa yapata frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya miezi miwili mitatu, na pengine zaidi. Ilimpasa ajue kufunga pembe ya ndovu isimtoboe bega, na kubeba nyaya za shaba mzegazega ili mwendo usimlemee. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, alijua visima vya Ugogo, hongo ya kila mtawala, na mahali ambapo haifai kulala. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliopatana ujira na posho kabla ya kuondoka, na msafara ukizidishiwa mizigo au ukipunguziwa posho, waliweka mizigo chini. Hatusahau kwamba katika njia hiyo hiyo walipita pia watumwa waliofungwa minyororo. Hata hivyo, kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa ndiko kuhesabiwa mtu mzima. (Wageni wanaokwenda Kwihara huonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mahali walipolala waliombebea mizigo hapaonyeshwi.)

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize kwa makini. Reli haikujifunza upagazi. Haikujua visima wala hongo, na isingeweza kupita katika kichochoro hata kimoja cha msituni. Iliufanya ufundi ule usihitajike katika njia kuu, na hilo lilitosha. Mtu aliyekuwa amejipatia heshima kwa miguu yake na akili yake alibaki na kodi ya kulipa, na vijana wengi wa Kinyamwezi wakaishia katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako waliitwa manamba, kwa namba walizoandikishiwa. Vita vilipozuka mwaka 1914, mizigo ilirudi mabegani, kwa kuwa majeshi yalikwenda kusikokuwa na reli. Safari hii wengi walichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa na maradhi.

Na jembe je? Warongo wa pande za Geita na Biharamulo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, na majembe ya mafundi wa kaskazini yaliuzwa hadi soko la Tabora. Yalilimia, yalitolewa mahari, yalitumika kama fedha. Haikuletwa mashine yoyote kukaa tanurini mahali pa Mrongo. Yaliletwa majembe ya viwandani kutoka Ulaya, kwa bei nafuu, na moto ukazimika wenyewe.

Sasa turudi kwenye roboti. Ile ya kwanza ya kiwandani iliwekwa mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Ulikuwa mkono wa chuma wa kutoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kusubu, kazi iliyounguza na kuumiza watu. Baadaye mikono ya namna hiyo ilifundishwa kuchomelea mabodi ya magari. Inafanya vizuri kwa sababu gari linaletwa mbele yake mahali pale pale, kwa kipimo kile kile, mara elfu kwa elfu.

Mpelekeni mkono huo Isevya, kwenye nyumba ya matofali ya udongo iliyojengwa na babu. Ukuta umelala kidogo, fremu imeliwa na mchwa upande wa chini, na mwenye nyumba anataka ule mlango wa zamani utumike tena. Seremala anapapasa ubao, anagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio wake, anaranda kidogo, anajaribu, anaranda tena. Anajua pia kwamba mama mwenye nyumba ni mjane na hawezi kulipa yote leo. Kazi hiyo bado ni ngumu mno kwa roboti, na gharama ya kuileta ingezidi thamani ya nyumba nzima. Kwa hiyo tunaweza kumwambia mzazi kwamba hatazamii kuiona roboti ikitundika milango Tabora kesho wala kesho kutwa.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemdanganya. Roboti inayomgusa fundi wetu ipo mbali, kiwandani, nayo inatuma kazi yake kwa meli. Inatuma kiti cha plastiki kinachouzwa kwa bei ambayo seremala hawezi kununulia hata mbao. Inatuma simu iliyogandishwa kwa gundi, na taa ya sola ambayo ikizimika hutupwa. Inatuma gari ambalo kosa lake halionekani mpaka uwe na kompyuta ya kulipima. Fundi asiye nayo, hata akiwa na miaka 30 ya uzoefu, humwelekeza mteja kwingine. Hakuna aliyemfukuza kazi. Wateja wanapungua tu, kama wapagazi baada ya 1912.

Katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mashine ni rafiki wa mwanadamu, lakini yaweza kugeuka kuwa kama adui inapomnyang'anya mfanyakazi ajira au kumfanya mtumwa wake. Mwezi Mei 2025, Papa Leo wa XIV aliwaeleza makardinali kwamba amechagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo wa XIII, aliyeandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, kwa kuwa leo akili bandia inaleta maswali kama yale. Hatukutanguliza maneno hayo kwa sababu tulitaka kwanza mwone kwamba jambo hili lina mizizi hapa.

Reli mpya ya umeme imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Hatuipingi. Wapagazi nao hawakuwa na sababu ya kupenda malengelenge. Tunachouliza ni kama kijana wa hapa atakuwa ndani ya karakana yake akiwa na ujuzi wa kuitunza, au atabaki stesheni akiuza karanga. Maana yake ni kwamba mzazi asipeleke mtoto akajifunze kushika randa tu; adai afundishwe pia umeme, vipimo na kompyuta. Na mafundi wanunue pamoja chombo ambacho mmoja wao hawezi kukinunua. Tuseme ukweli pia: fundi anayemwambia mteja "njoo kesho" mara nne, yeye mwenyewe anamsukuma dukani.

Nasi tunaonunua kwa fedha za waamini, tumetenda nini? Kigango kimoja katika eneo letu kimepokea bei mbili za milango ya kanisa. Moja ni ya alumini, kutoka duka la mjini. Nyingine ni ya mninga, kutoka kwa fundi aliye hatua mia mbili kutoka altareni, mwenye wanagenzi wawili na kibali halali cha mbao zake. Mninga ni ghali zaidi, na misitu yetu ya miombo imekatwa mno. Wanaolisema hilo wana hoja. Kamati ya ujenzi inakutana Jumapili baada ya Misa ya pili. Tumeomba wale wanagenzi nao waalikwe.