Kunenepa Si Kupona: Uzito na Hamu ya Kula Baada ya Upasuaji wa Vali ya Moyo

Mazungumzo ya afya kwa mabaraza ya mitaa, Kisiwa cha Mombasa



Mgonjwa akitembelewa katika nyumba za Mji wa Kale, kuna maneno mawili yasiyokosekana. Mgeni humtazama kisha husema, "Mashaallah, umenenepa, umepona." Au husema, "Maskini, umekonda, kwani huli?" Maneno yote mawili hutoka kwa mapenzi. Lakini kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa vali ya moyo, yote mawili yaweza kupotosha. Aliyenenepa ghafla huenda amejaa maji. Aliyekonda huenda ndiye anayepona.

Moyo una vali 4, mfano wa milango midogo inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Mlango ukikaza au ukivuja, moyo huchoka, damu hurudi nyuma, na maji hujikusanya miguuni, tumboni na mapafuni. Nchini Kenya, vali za vijana wengi huharibiwa na ugonjwa unaoanzia kooni: mtoto huumwa na koo, hatibiwi ipasavyo, kisha hupata homa ya rumatiki inayoacha makovu kwenye moyo. Vali ikiharibika sana hurekebishwa au hubadilishwa kwa upasuaji, kazi inayofanywa katika hospitali kama vile Kenyatta na Mater jijini Nairobi, na Tenwek huko Bomet. Mgonjwa wa Mombasa akishapona kidonda, hurudi nyumbani mamia ya kilomita kutoka kwa daktari aliyempasua. Kuanzia hapo, wanaomwona kila siku ni watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana lazima wajue cha kuangalia.

Kwanza ni uzito. Mfano ni mama wa makamo anayerudi Kibokoni baada ya upasuaji. Kabla ya kwenda, miguu ilikuwa imevimba na tumbo limejaa. Watu walimwona mnene, kumbe chini ya yale maji misuli ilikuwa ikiisha, kwa sababu moyo mchovu huondoa hamu ya kula. Sasa vali mpya inafanya kazi, vidonge vya kupunguza maji vimefanya kazi, na maji yametoka. Kilichobaki ni mwili wenyewe, nao ni mwembamba. Majirani wakishtuka, jamaa wasishtuke nao. Wakianza kumshindilia biriani na samli ili "arudishe mwili", wanaweza kumrudishia maji yaliyotolewa kwa taabu.

Mizani ndiyo inayotofautisha maji na nyama. Mafuta na misuli havijengeki kwa usiku mmoja. Maji ndiyo yanayoweza kujaa hivyo. Mgonjwa apimwe kila asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kifungua kinywa, kwa mizani ile ile na nguo nyepesi zinazofanana. Leo kwa dera, kesho kwa buibui na viatu, hesabu haitakuwa sawa. Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 1 kwa siku 1, au zaidi ya kilo 2 kwa wiki 1, kliniki ijulishwe siku hiyo hiyo, hata kama mgonjwa anasema hajambo. Uzito ukiendelea kushuka wiki baada ya wiki wakati uvimbe umekwisha, hiyo nayo ni habari ya kumpelekea daktari, maana misuli inaliwa.

Pili ni hamu ya kula. Katika wiki za mwanzo, wagonjwa wengi hawana hamu. Chakula hakina ladha, au kina ladha ya chuma. Dawa za maumivu huleta kichefuchefu na kufunga choo. Usingizi ni wa mang'amung'amu, na wengine huingiwa na huzuni wasiyoweza kuieleza. Haya ni ya kawaida na hupungua taratibu. Kosa ni kumwekea sinia kubwa kisha kumlaumu hakumaliza. Inafaa apewe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, na mwili unahitaji protini kuutengeneza: changu au kolekole wa kuchemsha au kuoka, yai, kuku, mbaazi zenye tui jepesi, maharagwe, maziwa, uji wa wimbi. Papai na matunda mengine husaidia choo, ili mgonjwa asijikamue. Huzuni ikizidi, au akikaa siku kadhaa bila kula, daktari aambiwe.

Tatu ni chumvi, na hapa ndipo mapishi ya Pwani yanapotia mtihani. Chumvi hushika maji mwilini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko 1 cha chai, na mgonjwa wa moyo anaweza kuambiwa apunguze zaidi. Kiasi hicho huhesabiwa pamoja na chumvi iliyofichika kwenye papa mkavu, ng'onda, achari, krispi za muhogo, vidonge vya mchuzi, na ile inayonyunyizwa juu ya embe bichi na mihogo ya Mama Ngina. Chakula cha mgonjwa si lazima kiwe chapwa. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, dania na bizari, vyote vinapatikana Marikiti, navyo hutia ladha bila kujaza maji. Dafu nalo, kwa kuwa ni kinywaji na lina potasiamu nyingi, linywewe kwa idhini ya daktari, hasa na mwenye shida ya figo au aliyewekewa kipimo cha maji ya kunywa.

Nne ni dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini. Aliyewekewa vali ya kutengenezwa kiwandani huitumia maisha yake yote. Wa vali ya tishu za mnyama mara nyingi huitumia kwa miezi michache. Dawa hii hufungamana moja kwa moja na sahani. Mchicha, kisamvu, sukuma wiki na mboga nyingine za kijani zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Si kwamba zimekatazwa. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Akila mboga nyingi ghafla, damu inaweza kuganda kwenye vali. Na akikosa hamu akaacha kula, dawa ile ile huzidi nguvu, na damu inaweza kuvuja. Kwa hiyo mgonjwa asiyekula siku 2 au 3 asisubiri tarehe ya kliniki. Apimwe kuganda kwa damu, kipimo kiitwacho INR. Dawa za maumivu za dukani, miti shamba na habbat soda zisianzwe kabla ya kumuuliza daktari au mfamasia.

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, swali la kufunga liulizwe mapema, si usiku wa kuamkia mwezi. Daktari aeleze kama moyo na ratiba ya dawa vinaruhusu. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na kuitumia si udhaifu wa imani.

Baada ya miezi michache huja mtihani wa mwisho. Hamu hurudi, mara nyingine kwa kishindo. Mahamri asubuhi, viazi karai jioni, kutembea hakuna kwa sababu "mgonjwa apumzike". Sasa kilo zinazopanda polepole ni mafuta, nayo huupa moyo mzigo mpya, pamoja na presha na sukari. Aliyeruhusiwa na daktari aanze kutembea: leo hadi mwisho wa kichochoro, wiki ijayo hadi Fort Jesus, asubuhi kabla ya jua kali, akipumzika barazani anapochoka.

Kuna dalili zisizongoja kesho: kukosa pumzi, kushindwa kulala bila mito mingi, homa, kidonda kutoa usaha, kutokwa na damu kusikokoma, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla. Mgonjwa mwenye dalili hizo apelekwe mara moja kwenye kituo chenye huduma za dharura, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Coast General. Daftari la uzito na dawa zote anazotumia viende naye, kwa sababu daktari wa zamu hatamjua, na daftari litamweleza mengi kwa dakika moja.

Wageni waendelee kuja, maana kumtembelea mgonjwa ni wajibu na ni dawa. Ila badala ya kumwambia amenenepa au amekonda, na wamuulize swali moja: "Leo umejipima?" Na anayeshika mwiko jikoni akiulizwa mbona mchuzi hauna chumvi, ajibu bila haya kwamba chumvi ya wageni iko mezani.