Habari za Kioo: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Wanachama



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache kabla ya Bwana Mweka Hazina kusoma orodha ya vitu vitakavyonunuliwa kwa chumba chetu cha mikutano. Maneno yetu yahusu kioo cha ukutani.

Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita sisi ndio tuliosimama tukashauri kinunuliwe kioo cha futi 6, ili mtu mrefu apate kujiona mwili mzima. Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake ni utarishi, alinena kwamba futi 3 na nusu zatosha, kwa kuwa zamani alifanya kazi kwa fundi wa cherehani, akaona wateja wa kila kimo wakijitazama tangu kofia hata viatu katika kioo cha kadiri hiyo. Sisi tukamjibu kwamba jambo hili ni la elimu ya shule, wala si la cherehani. Watu wakacheka, naye akaketi.

Usiku ule tulipofika nyumbani tulijaribu wenyewe, tukaona kwamba yeye alisema kweli na sisi tulikosa. Kwa hiyo tumekuja kulisahihisha kosa mbele ya watu wale wale waliolisikia, na kueleza sababu yake.

Kitu huonekana kwa kuwa nuru hutoka kwake ikafika machoni petu. Ukuta wa chokaa nao hurudisha nuru, lakini uso wake una vijishimo vidogo vidogo, kwa hiyo huitawanya huku na huku. Kioo ni laini, na nyuma yake kimepakwa madini yang'aayo. Mnamo mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig alivumbua njia ya kukipaka kioo fedha kwa dawa. Uso laini namna hii hurudisha nuru kwa utaratibu. Nuru ikija moja kwa moja hurudi ilikotoka. Ikija kwa upande huenda upande wa pili, na pembe ya kuingia huwa sawa na pembe ya kutoka, kama mpira utupwao ukutani kwa mshazari. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra, aliieleza kanuni hii yapata miaka elfu iliyopita, wala hakuridhika kuisikia tu, bali alieleza na chombo cha kuijaribia.

Sasa jicho halijui kwamba nuru imepinda njiani. Hudhani imekuja kwa njia iliyonyoka, kwa hiyo huiona sura ng'ambo ya kioo, mahali ambapo hapana kitu. Nayo sura iko mbali nyuma ya kioo kadiri ile ile kitu kilivyo mbali mbele yake.

Asiyesadiki na afanye hivi. Katika chumba chenye giza, asimamishe kipande cha kioo cha dirisha juu ya meza. Mbele yake, umbali wa futi 1, aweke mshumaa unaowaka. Na nyuma yake, umbali wa futi 1 vile vile, aweke bilauri ya maji. Akitazama kutoka upande wa mshumaa, ataona mwali ukiwaka ndani ya maji. Akipeleka mkono wake nyuma ya kioo, hataungua, kwa sababu pale pana sura tu, isiyo na moto wala joto.

Hapo ndipo lilipo jibu la futi zetu. Ikiwa sura iko nyuma kadiri mtu alivyo mbele, basi kioo kimesimama katikati ya safari, baina ya jicho na sura. Chukueni kamba mbili zilizofungwa katika msumari mmoja, mkazivute hata ncha mbili za ufito wa futi 6. Pimeni nafasi baina ya kamba hizo katikati ya njia: mtapata futi 3. Msumari ndio jicho, ufito ndio sura, na katikati ndipo kilipo kioo. Hivyo mtu huhitaji kioo cha nusu ya kimo chake.

Wengi husema kwamba mtu akirudi nyuma atajiona zaidi. Sisi pia tulisema hivyo, bila kupima. Fumbeni jicho moja mbele ya kioo, mtie alama za sabuni pale unapoonekana utosi na pale kinapoonekana kidevu. Mkipima, mtaona baina ya alama ni nusu ya urefu wa kichwa. Kisha rudini nyuma hatua tatu, mkisimama wima vile vile: utosi na kidevu bado vitaangukia alama zile zile. Maana mtu akienda nyuma, sura yake nayo huenda nyuma kadiri iyo hiyo, na kioo husalia katikati.

Mazoea mengine ni kusema kwamba kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Mtu akielekea kaskazini mbele ya kioo, akaonyesha mashariki kwa kidole, sura nayo huonyesha mashariki. Akionyesha juu, nayo huonyesha juu. Ila akionyesha kioo chenyewe, sura humwonyesha yeye. Kilichogeuzwa ni mbele na nyuma tu. Nasi makarani tunao muhuri: herufi zake zimechongwa kinyume, na ukiushika mbele ya kioo zasomeka sawasawa.

Yalibaki yale maneno ya nusu futi, ambayo yalitusumbua. Mtu wa futi 6, ambaye macho yake yako inchi 4 chini ya utosi, huhitaji kioo kianzie futi 2 na inchi 10 kutoka sakafuni, kiishie futi 5 na inchi 10. Hizo ni futi 3 kamili. Lakini mwenzetu wa futi 5 huhitaji kianzie futi 2 na inchi 4. Ili kiwafae wote wawili pasipo kukisogeza, hapana budi kiwe na urefu wa futi 3 na inchi 6. Hiyo ndiyo kadiri aliyoitaja mwenzetu, na kila mteja wa fundi yule alikuwa shahidi wake.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba tumeondoa shauri letu, na kwamba shauri la tarishi ndilo litakalopigiwa kura. Fedha zitakazosalia ni za wanachama wote. Naye mwenzetu twamwomba radhi, hapa hapa tulipomchekesha kwa watu. Sisi tuliijua kanuni kwa moyo tangu shuleni, na katika mtihani tuliijibu vema. Lakini yeye alikuwa ametazama.