Philiphaugh: Waliokufa Baada ya Kusalimu Amri

Kusini mwa Uskoti, karibu na mji mdogo wa Selkirk, kuna bonde ambamo maji ya Yarrow yanaungana na maji ya Ettrick. Mahali hapo panaitwa Philiphaugh. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1645, ukungu ukiwa bado umetanda, jeshi la Mfalme Charles wa Kwanza liliangamizwa pale. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama anguko la mtu mmoja, jemadari James Graham, Markisi wa Montrose. Mimi leo nataka tuwazungumzie waliouawa wakati vita vimekwisha na silaha zimeshawekwa chini.

Hata hivyo, lazima tuanze na Montrose mwenyewe. Mwaka 1638 alikuwa miongoni mwa waliotia saini Agano la Taifa, tamko la Waskoti la kumkataza mfalme asiingilie ibada zao. Kanisa lao lilikuwa la Kipresbiteri. Wenzetu wa Kenya wanaofuata Upresbiteri, kule Thogoto kwa mfano, wanaufahamu mfumo huo wa wachungaji na wazee wa kanisa, kwani waliupokea kwa wamisionari wa Kiskoti. Baadaye Montrose aliona viongozi wa Agano, hasa Archibald Campbell, Markisi wa Argyll, wamejilimbikizia madaraka, naye akahamia upande wa mfalme. Mwaka 1644 akakabidhiwa uongozi wa jeshi la mfalme nchini Uskoti, ingawa jeshi lenyewe bado halikuwapo.

Jeshi hilo alilipata kwa Alasdair Mac Colla, shujaa wa ukoo wa MacDonald, aliyevuka bahari kutoka Ayalandi na askari wapatao 2,000. Wakaungana na watu wa milimani. Katika muda usiofika mwaka mzima walishinda mapigano sita: Tippermuir, Aberdeen, Inverlochy, Auldearn, Alford, na mwisho Kilsyth, tarehe 15 Agosti 1645. Baada ya Kilsyth, Glasgow ilimfungulia Montrose malango. Viongozi wa Agano walikimbia. Akaitisha bunge kwa jina la mfalme, na Uskoti ikaonekana iko mkononi mwake.

Mwezi mmoja haukupita, jeshi likayeyuka.

Na halikuyeyuka kwa uoga. Kila kundi ndani yake lilikuwa na vita vyake. Mac Colla na wenzake walikuwa na kisasi cha miaka mingi na akina Campbell waliowanyang'anya ardhi, kwa hiyo aliondoka na watu wake wengi kwenda kupigana magharibi. Akina Gordon, waliokuwa nguzo ya wapanda farasi, nao walirudi kaskazini. Mimi siwalaumu sana. Mfalme aliyewaita wafe kwa ajili yake, wengi wao hawakupata hata kumwona, na ushindi wake haukuwa umewarudishia shamba hata moja. Waliobaki na Montrose ni askari wa miguu wa Kiayalandi wapatao 500, pamoja na wapanda farasi wachache aliowaokota mpakani. Waayalandi hao hawakuwa na pa kwenda. Kwao kulikuwa ng'ambo ya bahari, na katika msafara wao walikuwamo wake zao na watoto.

Wakati huo David Leslie, jenerali wa Agano, alikuwa akirudi kutoka Uingereza na maelfu ya wapanda farasi. Mfalme alikuwa ameshapigwa vibaya na jeshi la Bunge huko Naseby, Uingereza, mwezi Juni, kwa hiyo wapanda farasi hao waliweza kurejeshwa nyumbani. Leslie alipojua Montrose yuko Selkirk, aligeuza njia na kumwendea moja kwa moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Montrose alilala mjini, na askari wake wa miguu wakalala ng'ambo ya mto. Jemadari aliyewahi kuwazunguka maadui milimani katikati ya theluji safari hii hakupata habari kwamba adui yuko karibu. Alfajiri Leslie aliwavamia. Waayalandi walijikinga nyuma ya mitaro na nyua, wakasimama imara. Montrose alikuja mbio na wapanda farasi wasiozidi mia mbili, akashambulia, akarudishwa nyuma, na mwisho rafiki zake wakamsihi ajiokoe. Akatoroka.

Waliobaki walisalimu amri baada ya kuahidiwa kwamba roho zao zitasalimika. Wakaweka silaha chini. Ndipo wachungaji waliofuatana na jeshi la Agano walipong'aka: ahadi hiyo, walidai, ilimhusu ofisa aliyeiomba, haikuwahusu askari wake. Leslie akakubali hoja hiyo. Wafungwa wakauawa. Wake wa kambini wakauawa pamoja na watoto wao. Maandishi ya zama zile yanataja wanawake wapatao 300. Kamanda wa Waayalandi, Manus O'Cahan, alipelekwa Edinburgh akanyongwa.

Wapo wanaosema zama zile zilikuwa za ukatili na pande zote zilifanya hivyo. Ni kweli kwamba mwaka mmoja kabla, tarehe hiyo hiyo ya 13 Septemba, watu wa Montrose waliingia Aberdeen wakaua na kupora raia, na yeye hakuwazuia. Jambo hilo linamchafua, na wanaomsifu kwa ushairi wake na ushujaa wake wanapaswa kulitaja kila mara. Lakini wanawake waliokatwa mapanga Philiphaugh hawakuipora Aberdeen. Na Leslie hakuzidiwa na askari wenye hasira. Aliwasikiliza watu wa Mungu wakitafuta upenyo katika maneno ya ahadi, naye akaupokea. Isitoshe, Bunge la Uingereza, lililoshirikiana na watu wa Agano dhidi ya mfalme, lilikuwa limeshaagiza Oktoba 1644 kwamba Mwayalandi atakayekamatwa na silaha asihurumiwe. Hivyo waliouawa walikuwa wameshaondolewa katika hesabu ya binadamu kabla hawajaikanyaga Philiphaugh. Mwaka 1647, katika ngome ya Dunaverty, wanajeshi wa Leslie waliwaua tena watu waliokuwa wamejisalimisha.

Montrose alirudi Uskoti mwaka 1650, akashindwa katika mapigano ya Carbisdale, akanyongwa Edinburgh mwezi Mei. Kichwa chake kilitundikwa hadharani kwa miaka 11. Baada ya Charles wa Pili kurudishiwa kiti cha enzi, mabaki ya Montrose yalikusanywa mwaka 1661, akazikwa kwa heshima zote katika kanisa la Mtakatifu Giles. Mwaka huo huo, mfalme yule yule alimpa David Leslie, aliyekuwa amehamia upande wake, cheo cha Lord Newark. Mshindi na mshindwa wa Philiphaugh wote walitukuzwa na serikali moja katika mwaka mmoja, na kuhusu wanawake wale 300 hakuna mtu aliyeitwa mbele ya hakimu kujibu.