Mzee Mcheshi na Utani wa Nyumbani

Jioni hii twataka kuwazungumzia habari ya nyumbani, nayo ni habari ya mzee aliyekwisha kuacha kazi, akarudi kwake kupumzika, na badala ya kukaa kimya kama watu walivyomtazamia, akawa mchokozi kuliko watoto wote walio uani. Wengi wenu mnaye mzee wa namna hiyo, na wengine mwaona haya anapoanza vituko vyake mbele ya wageni. Sisi twasema haya hiyo haina haja. Walakini yapasa kujua utani ni wa nani kwa nani, kwani katika nyumba moja yuko mtu wa kutaniwa na yuko mtu ambaye hata jina lake halitajwi ovyo.

Tumechagua kusema habari za Kwihara, maili chache kutoka mjini Tabora. Mahali hapo pajulikana kwa ajili ya tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwezi wa Februari na Machi 1872. Stanley alipokwenda zake pwani, Livingstone alibaki akingoja wapagazi mpaka Agosti ya mwaka ule. Tembe ni nyumba ya udongo yenye dari bapa na kuta nene, na vyumba vyake huuzunguka ua. Katika nyumba kama hiyo hakuna siri: babu akikohoa chumba hiki, mjukuu humsikia chumba cha pili, akamwigiza.

Basi, baba si babu, ijapokuwa mtu ni yule yule. Mnyamwezi alipokuwa akiwalea wanawe hakuwa na mchezo nao. Alikuwa mtu wa kuogopwa, naye akirudi kazini watoto hunyamaza. Lakini siku mwanawe anapozaa, mzee hupata cheo kipya. Kwa Kinyamwezi huitwa guku, na guku na mjukuu ni watani. Mwana hukaa kando akistaajabu, akijiuliza mzee huyu mwenye kicheko alikuwa wapi miaka yote ile alipokuwa akimchapa kwa kuchelewa kurudisha ng'ombe. Nasi twaona mshangao wake una haki. Lakini mzee hakugeuka tabia, amehama daraja tu.

Na mchezo wenyewe ni huu. Mjukuu humwita bibi yake "mke wangu," akamwambia babu ahame nyumba, kwani amezeeka na mke ataka kijana. Babu naye hujibu kwamba hatahama mpaka arudishiwe ng'ombe zake zote za mahari, na ndama waliozaliwa tangu hapo. Hesabu ya ndama hao yaweza kuchukua jioni nzima, na bibi huingia kati akidai kwamba ng'ombe wengine hawakuletwa kamwe. Asubuhi yake fimbo ya mzee haionekani. Mzee hasemi neno. Humtuma mjukuu kwa jirani akalete jiwe la kunolea maji, na jirani, aliye mtani vile vile, humwambia jiwe limeazimwa nyumba ya tatu, mpaka mtoto amezunguka kijiji kizima ndipo anapotambua. Akirudi, fimbo hutoka mafichoni, nao hula pamoja.

Katika mchezo huo asiyeweza kuvumilia ndiye mkosa. Mjukuu akinuna, watu humcheka yeye. Babu akikasirika kweli, watu hustaajabu zaidi, hudhani ni mgonjwa.

Lakini katika ua huo huo yuko mke wa mwana, naye si mtani. Mzee na mkwewe huheshimiana sana, na bibi arusi aliyetoka mbali asiyeijua mipaka hii hupata taabu. Amwona mzee akicheka na watoto, adhani ni mtu wa kuchekwa na kila mtu, naye humtupia neno. Uani hunyamaza ghafula. Hakuna aliyemfundisha, na hilo twaliona kosa la wenye nyumba. Kwa bahati iko njia ya pembeni: mara nyingi mtoto hupewa jina la babu yake, hata mama hushindwa kulitamka, akamwita mwanawe "baba." Hapo mzee akitaka kusema kwamba mboga ya leo haikutiwa chumvi, humgombeza mjukuu somo wake kwa kupika vibaya, na mama husikia bila kuambiwa. Mama naye humjibu mtoto, na mzee husikia.

Liko jambo jingine tusilolisifu. Wako wazee ambao upweke huwageuzia utani kuwa hila. Mzee humpigia simu mwanawe aliye Dar es Salaam, akasema yu mahututi. Mwana hukopa nauli, husafiri kilometa zaidi ya 800, akamkuta baba yake chini ya mwembe akila embe na kucheka. Huo si utani, kwani baba na mwana si watani, na kifo hakitumwi kwa simu. Mwana hurudi na hasira, na ikipigwa simu ya pili yenye ukweli ndani yake, huenda asiondoke upesi. Mzee wa namna hiyo anataka kutembelewa. Aletewe wajukuu wakati wa likizo, nao watamchosha vya kutosha.

Wanyamwezi hawakuufungia utani uani. Zamani za misafara, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, wanaume wa Unyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70, mbele yao kirangozi amevaa mapambo yake. Safari ilikuwa ya miezi. Stanley mwenyewe alitoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Juni. Mtu akiugua njiani, au akifa, ndugu zake wako mbali. Wanyamwezi na Wazaramo wakawa watani, na mpagazi akafika ugenini akaweza kunyakua kuku uwanjani, akatukanwa, akacheka, akalishwa. Bwana R. E. Moreau, aliyekuwa mchunguzi wa ndege huko Amani, aliona mambo haya ya utani yafaa kuandikwa, akayatolea makala mwaka 1941 na tena 1944.

Na mtani ndiye anayekuja msibani. Tumesema mzee hucheza na wajukuu. Siku anapofariki, mchezo haukatwi. Wana wa marehemu hulia, kwani wao hawana ruhusa ya jambo jingine. Lakini mjukuu huvaa kofia ya babu, akashika ile fimbo aliyoificha mara nyingi, akatembea uani akichechemea na kukohoa sawasawa na mwenyewe, akidai chai yake na kuuliza nani amekula embe zake. Waliokuwa wakilia hucheka huku machozi yakiwatoka. Pengine mtani hushuka kaburini, akalala, akasema hapa pana baridi, mzee haingii mpaka kodi ilipwe. Watu huchangishana vijisenti, hubishana naye kwamba amezidisha bei, na yeye hukataa, hata mwana mkubwa wa marehemu, ambaye hakupata kucheka na baba yake siku zote za maisha yao, hutia mkono mfukoni akamlipa, ndipo mtani hupanda juu, naye huwa wa kwanza kushika jembe.